Saa Nzima ya Mdomo Mtupu

Jumatatu, 3 Machi

Mistari miwili. Nimerudia kwa kipimo cha pili kwa sababu siamini kitu kilichopimwa mara moja, nacho kimesema vilevile. Nikihesabu kutoka hedhi ya mwisho, tarehe 27 Januari, leo ni wiki tano kamili.

Mwaka jana nilifika wiki kumi na siku nne, basi. Baada ya hapo ndipo walipokumbuka kunipima damu, wakagundua kwamba tezi ya shingoni mwangu inafanya kazi kwa uvivu. Baada, si kabla. Hilo nitalisema mpaka nichoke.

Daftari hili ni la mashine ya kuangulia mayai. Kurasa za mbele ni za mayai: tarehe ya kuingia, joto, unyevu, yaliyoanguliwa, yaliyokufia ndani. Nimeligeuza nikaanza kuandika kutoka nyuma. Ya mayai yatatoka kule, yangu yatatoka huku.

Mvua bado.

Jumatano, 5 Machi

Kliniki. Nesi Loice anaandika polepole lakini hakosei, kwa hivyo namvumilia. TSH yangu ni 4.8. Nikamuuliza hicho kinachopimwa ni kitu gani hasa, maana tangu mwaka jana naambiwa namba tu kama mtu anayesomewa mita ya stima.

Akasema: "Tezi yako ni mfanyakazi. Ubongo ni msimamizi. Mfanyakazi akilegea, msimamizi anapiga kelele. TSH ni hizo kelele."

"Kwa hivyo namba ikipanda, kazi haifanyiki."

"Ndiyo. Na sasa kuna mtu wa pili anayekula kwenye kazi hiyo hiyo. Mtoto hana tezi inayofanya kazi bado. Yake huanza kujaribu karibu wiki ya kumi na mbili, na hata hapo ataendelea kutegemea yako."

Hakuna aliyewahi kuniambia hilo. Wanataka namba iwe chini ya 2.5. Daktari ameongeza dawa kutoka mikrogramu 50 hadi 75, yaani kidonge kimoja na nusu. Mikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu. Nimejaribu kuipiga picha nikashindwa: yai moja lina gramu kama 55, sasa ligawe.

Masharti: kidonge nikiamka, kwa maji matupu. Nisile chochote wala nisinywe chai mpaka saa nzima ipite. Vile vya kuongeza damu ni jioni, mbali kabisa na hiki. Nimeyaandika kwenye karatasi nikaibandika juu ya kipimajoto cha mashine, mahali ambapo siwezi kuacha kutazama.

Ijumaa, 7 Machi

Masese, mume wangu, amerudi kutoka Ekerenyo, anakofanya kazi kwenye kiwanda cha majani chai. Nikamwambia. Akauliza, "Mama anajua?" Nikasema hapana. Tumepatana asiambiwe mpaka tumbo lenyewe liseme. Mwaka jana ukoo mzima ulikuwa unahesabu pamoja nami, na ilipofika siku ya kuacha kuhesabu kila mmoja alikuja na maoni yake. Mama mkwe alisema ni joto la ile mashine.

Joto la mashine ni 37.5. La mwili wangu ni karibu hapo hapo. Nilimweleza. Alinitazama kama mtu anayesikiliza redio iliyokosa stesheni.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Mama mkwe kapita akielekea kanisani, akasimama mlangoni akisikiliza mashine ikigeuza trei. "Hiyo kitu yako haijui siku ya kupumzika."

"Kuku mwenyewe akilalia mayai anapumzika Sabato, Mama?"

Akaenda zake. Nadhani alikuwa anacheka, ila sijui, alinipa mgongo.

Jumatatu, 10 Machi

Kichefuchefu. Nimepita soko la Nyakoe mbele ya meza ya Emmah Amolo ya omena, dagaa wakavu, nikaziba pua. Yeye ni mtu wa ziwani, amekaa hapa miaka tisa, na macho yake hayakosi kitu.

"Nyamera," yaani dada yangu kwa lugha ya kwao, "ni ya lini?"

"Ya lini nini?"

"Haya, usiseme. Chukua hii." Akanikunjia gazeti lenye odowa: yale mawe laini ya rangi ya majivu ambayo wajawazito wa hapa wote wanatembea nayo kwenye mkoba. Harufu yake ni ya vumbi likipigwa na tone la kwanza la mvua. Nilitafuna moja njiani, tumbo likatulia papo hapo. Mwaka jana pia ndiyo yaliyoniokoa.

Jumatano, 12 Machi

Kidonge saa kumi na mbili. Chai saa moja. Mvua ya kwanza, saa tisa alasiri.

Ijumaa, 14 Machi

Ilibidi ifike.

Mama mkwe huamka kabla ya kila mtu. Tangu juzi ameanza kuleta thamosi ya chai ya maziwa na kikombe cha uji wa wimbi, saa kumi na mbili na robo. Yaani dakika kumi na tano baada ya kidonge changu. Anamimina, anasukuma kikombe, anasubiri. Na hapa kwetu chai ya asubuhi haisubiri mtu. Hata mgeni asiyejulikana haulizwi jina kabla hajapewa.

Jana nilisema tumbo limejaa. Leo nikasema nitakunywa baadaye. Akakitazama kikombe, kisha mimi.

"Mokamwana, mke wa mwanangu, siku tatu hunywi chai yangu."

"Nitakunywa, Mama. Baadaye kidogo."

"Baadaye ni nikiondoka."

Akafunga thamosi kwa nguvu. "Mimi nilikunywa ya mama mkwe wangu miaka kumi na minane. Na yule alikuwa mkali. Sikuwahi kumfanya asimame na kikombe mkononi kama mtu anayeomba."

Najua anachofikiri. Mwanamke asiyekula cha mama mkwe anasema jambo moja tu, na halisemi kwa mdomo. Ningeweza kulimaliza kwa sentensi moja: nina kidonge, nina mimba. Sikuisema. Siri tulipatana wawili, lakini anayesimama mbele ya thamosi ni mimi.

Jumatatu, 17 Machi

Saa moja ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mambo niliyofanya leo kati ya kidonge na chai: kufagia chumba cha mashine, kujaza maji kwenye trei, kusoma joto mara mbili, kuguguna jiwe langu, kutazama saa ya ukutani mara kumi na nne. Mama mkwe hakuja.

Alhamisi, 20 Machi

Radi, stima ikapotea saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Mayai 264 ndani. Nilizungusha chupa za maji ya moto kila nusu saa. Joto halikushuka chini ya 36. Miguu imevimba. Nimelala nikiwa nimevaa sweta mbili, na huu si mwezi wa baridi.

Jumatano, 26 Machi

Wiki nane na siku mbili. Nachoka kama mtu aliyechuma majani siku nzima na sijachuma hata jani. Nywele zinabaki kwenye kitana. Nimezihesabu leo, 61. Jana sikuhesabu, kwa hivyo 61 haina maana. Nitahesabu tena kesho.

Alhamisi, 27 Machi

58. Inatosha, naacha huu upuzi.

Jumatano, 2 Aprili

TSH 7.9.

Nimemwambia Nesi Loice asome tena. Akageuza karatasi nikasoma mwenyewe. Saba, nukta, tisa. Dawa imeongezwa kwa nusu, kelele zimepanda badala ya kushuka. Hii si hesabu. Ukiongeza joto kwenye mashine na mashine ikapoa, hulilaumu yai. Unatafuta waya uliokatika.

"Unakosa siku?"

"Siku ishirini na nane, dozi ishirini na nane. Nimezitia alama."

"Unakula nini ile saa?"

"Hakuna. Hata chai. Nimegombana na mama mkwe kwa sababu ya hiyo chai."

"Vya damu?"

"Saa mbili usiku."

Akakuna paji la uso kwa kalamu. Daktari amepandisha hadi 100, vidonge viwili, nirudi baada ya wiki tatu badala ya nne. Nikauliza swali nililokuja nalo: namba hii inafanya nini kwa mtoto. Loice hakunidanganya. Alisema hatari ya kuharibika inapanda, kupanda si kutokea, na ndiyo maana wanakimbizana nayo sasa.

Nina siku tisa kufika pale nilipofika mwaka jana. Kurudi nyumbani mvua ilininyeshea kuanzia barabarani mpaka mlangoni na sikukimbia.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimefanya jambo. Naliandika kama lilivyokuwa.

Usiku mzima nilikuwa na jibu moja: kama kidonge kinaingia kila siku na kazi haifanyiki, basi si kidonge, ni chokaa. Asubuhi nikaenda kwa Angwenyi, mwenye duka la dawa ninakonunua. Mzee mpole, koti jeupe, miwani iliyofungwa kwa uzi. Kulikuwa na watu sita dukani.

"Mama Vifaranga, karibu."

"Angwenyi, hizi dawa umezitoa wapi?"

"Kwa wanaoniletea siku zote. Kuna shida?"

"Shida ni kwamba hazifanyi kazi. Namba imetoka nne ikaenda karibu nane. Unaniuzia unga."

"Hebu keti. Leta boksi tuangalie pamoja."

"Sitaki kuketi. Mimba yangu ikienda tena kama ile ya kwanza, nitakuja kuketi hapa hapa mlangoni na kila anayeingia atasikia."

Watu sita wakageuka. Angwenyi akavua miwani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Nimenunua boksi nyingine Kisii mjini.

Jumamosi, 5 Aprili

Watu sita ni wengi. Kufikia jana jioni Nyakoe yote ilikuwa inajua nina mimba, na leo kanisani ikamfikia mama mkwe. Alikuja mchana bado amevaa nguo za Sabato, Biblia kwapani. Hakukaa.

"Nimeambiwa na mke wa Ochoki. Kwenye benchi. Kwamba mokamwana wangu ana wiki kadhaa."

Masese akaanza, "Mama, tulitaka..."

"Wewe nyamaza, sikuja kwako." Akanigeukia. "Kwa hivyo ndiyo sababu ya chai. Ulifikiri nitaweka kitu kikombeni."

"Hapana, Mama. Ni kidonge. Naambiwa nisinywe chochote saa nzima."

"Mwezi mzima ulikuwa na mdomo wa kunieleza hivyo."

"Ulisema ile ya kwanza iliharibiwa na mashine."

"Nilisema. Nilikuwa na uchungu, nilisema la kwanza lililokuja. Wewe ukaliweka." Akahamisha Biblia kwapa la pili. "Wewe unaweka kila kitu. Unaandika."

Ameenda. Sijui aliye na haki. Hapo awali ningejua.

Jumatatu, 7 Aprili

Wiki kumi.

Jumatano, 9 Aprili

Emmah ameenda kwao kumzika mjomba wake, Ojwang. Meza yake imefunikwa turubai. Odowa zimebaki tatu.

Alhamisi, 10 Aprili

Zimeisha. Nimetafuna kucha.

Ijumaa, 11 Aprili

Wiki kumi na siku nne. Nimekaa kwenye kiti cha chumba cha mashine tangu asubuhi mpaka jioni, nikitoka kwa haja tu. Mara kumi na moja nimeangalia. Hakuna damu. Vifaranga walianza kugonga saa sita mchana, 219 kati ya 264. Masese alifika saa mbili usiku akanikuta nimelala kwenye kiti, kifaranga mmoja ndani ya sweta.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimepita mahali pale. Kuanzia leo kila siku ni mpya kwangu.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Kidonge, chai.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimeamka nikafua, nikaosha trei zote 8, nikapika, ndipo nikagundua ni saa nne asubuhi na sijakaa. Ajabu. Sikumbuki mara ya mwisho.

Jumatano, 23 Aprili

TSH 3.6.

Nesi Loice aligeuza karatasi kabla sijaomba. "Bado haijafika, lakini imegeuka." Nikasema, unaona, nilibadilisha duka. Akasema pia nilibadilisha kipimo cha dawa. Nikasema kipimo kilibadilishwa hata mara ya kwanza na namba ikapanda. Akaandika tarehe ya kurudi, nami nikatoka nikiwa mrefu kidogo.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilitaka ushahidi wa kumwekea Angwenyi mezani. Nikatoa boksi yake tupu na hii ya mjini nikaziweka pamoja. Jina lile lile, kampuni ile ile. Nikatafuta zile namba ndogo zilizopigwa pembeni, za toleo la kiwandani. Nikasoma ya kwanza kwa sauti, nikasoma ya pili. Nikaenda dirishani penye mwanga nikasoma tena.

Ni namba moja. Tarakimu zote saba, na mwezi wa kuharibika ni ule ule. Vidonge vyangu vyote vimetoka kwenye pipa moja.

Nimempigia Masese. "Kwa hivyo mzee hakukosa," akasema.

"Hakukosa."

"Basi utaenda kumwambia."

"Kwanza nijue ni nini."

Kama waya haujakatika pale nilipofikiri, umekatika kwingine. Sina hasira leo. Nataka tu kujua.

Ijumaa, 25 Aprili

Mayai yakifa mengi kuna njia moja tu: unachukua trei iliyofaulu na iliyofeli, unatafuta kilichokuwa huku kisichokuwa kule. Nimesoma daftari hili kutoka tarehe 5 Machi. Nikachora safu mbili: namba ilipopanda, namba iliposhuka. Maji, yale yale. Saa ya kidonge, ile ile. Chai, baada ya saa moja, kote. Vya damu, jioni, kote. Uji wa Mama, sikuwahi kuugusa, kote.

Nikafika tarehe 17 Machi. Kufagia, kujaza maji, kusoma joto, kuguguna jiwe langu.

Nimeipigia sentensi hiyo mstari.

Mimi ninayehesabu nywele. Sikuwahi kuhesabu mawe hata siku moja, kwa sababu jiwe si chakula. Waliniambia nisile. Sikula. Kila asubuhi, ndani ya saa ile ile ya mdomo mtupu, nilikuwa nasaga udongo kwa meno juu ya kidonge. Kisha tarehe 9 Aprili Emmah akaenda mazishini, mawe yakaisha, namba ikashuka.

Lakini huo ni wasiwasi tu, si kipimo.

Jioni Emmah mwenyewe akarudi, akaniletea pakiti mpya. "Nyamera, wiki mbili, nilijua unaumia." Nikaipokea. Sikumweleza. Aliponitazama hivyo, nikasema nitazihitaji, na ni kweli.

Jumapili, 27 Aprili

Nilisubiri Sabato ipite, kwa heshima ya mtu mmoja.

Kidonge hakina rangi, huwezi kukiona kikipotea. Lakini nina ile dawa ya zambarau ninayopaka kuku wakidonoana vidonda. Nimechukua chupa mbili za jemu zilizo safi. Maji sawa kila moja, matone manne ya zambarau kila moja, nikakoroga mpaka zikafanana kama mapacha. Kwenye ya kulia nikatia vijiko viwili vya odowa niliyoisaga kwenye kinu. Nikazitikisa zote mara hamsini, nikaziweka dirishani.

Mama mkwe akapita kutoka kisimani akazikuta. Hatujasemezana vizuri tangu tarehe 5. Akasimama.

"Hiyo ni nini?"

"Sijui bado, Mama. Nasubiri."

Akatua ndoo. Nikamletea kigoda. Tukasubiri, watu wawili wazima tukitazama chupa. Baada ya kama nusu saa udongo ulikuwa umeanza kutua chini. Baada ya saa mbili na nusu maji ya kushoto yalikuwa zambarau vile vile. Ya kulia yalikuwa meupe karibu kama ya kunywa, na chini pamelala tope la zambarau iliyokolea.

"Rangi imeenda wapi?"

"Jiwe limeila."

Nikamweleza yote: tezi, kelele, kidonge, saa nzima, mawe. Safari hii hakutazama kama mtu wa redio. Alichukua chupa ya kulia akaiinamisha, tope likateleza, maji yakabaki meupe.

"Mimi nilikula udongo wa kichuguu kwa watoto wote saba," akasema. "Nani angekuambia uache? Hakuna anayeona. Ni kama kupumua."

Kisha akauliza, taratibu, "Na mwaka jana?"

Nikasema ndiyo. Mwaka jana pia.

Alibaki pale mpaka mvua ilipoanza, na ndoo yake ikajaa zaidi ya alivyoileta.

Jumanne, 29 Aprili

Nimepeleka chupa zote mbili kliniki kwenye kikapu. Loice ameziweka juu ya meza yake akaita daktari. Daktari akasema rangi si dawa, na chupa si tumbo, ila udongo unajulikana kwa kushika vitu, na niache kabisa: hata vile vya damu unavishika, na zaidi ya hapo mawe hayo yanaweza kuwa na mayai ya minyoo na madini mabaya. Mikrogramu 100 ibaki hapo hapo, nisipunguze wala kuongeza mwenyewe, watanipima tena.

Alipotoka nikamuuliza Loice lile nililokwenda nalo.

"Mwaka jana nilitafuna vilevile. Na kidonge chenyewe sikuwa nacho. Ni mimi?"

"Namba yako ya mwaka jana, wiki ya tano, ilikuwa ngapi?"

"Hawakupima."

"Ya wiki ya nane?"

"Hawakupima."

"Basi huna hesabu ya kufanya hapo, dada. Kuna mimba nyingi zinaondoka na tezi ni nzima, na mama hajagusa jiwe." Akavuta daftari lake. "Kosa letu ni moja. Miaka kumi nauliza wajawazito wanakula nini. Sijawahi kuuliza wanatafuna nini."

Kwenye benchi la nje walikuwa wanawake tisa. Watano walikuwa wanatafuna. Loice alitoka na chupa zangu, na mimi nikarudi bila kikapu.

Jumatano, 30 Aprili

Angwenyi. Nilichagua saa ambayo duka lina watu, maana niliyosema yalisemwa mbele ya watu. Leo walikuwa wanne, nilikosa wawili.

"Mzee, dawa zako zilikuwa sawa. Nilikosa mimi. Nilikuwa nakula udongo juu yake."

Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Ningekuuliza, kama ungeketi."

"Najua."

"Sasa keti." Nikaketi. Akanieleza ni dawa gani nyingine anazouza zinazoshikwa hivyo. Ni nyingi. Nimeziandika.

Ijumaa, 2 Mei

Emmah nilimwogopa zaidi ya wote, maana odowa ni meza yake. Akasikiliza huku anapepeta omena.

"Kwa hivyo umekuja kunifungia biashara."

"Nimekuja kukuambia."

"Wakiniuliza niseme jiwe ni baya?"

"Waulize kwanza kama wana kidonge chochote. Wakiwa nacho, usiwauzie."

"Wote wana kidonge, nyamera. Kliniki inawapa cha damu." Akapepeta mara mbili tatu. Kisha akachukua chungu chake cha mawe akakisukuma chini ya meza, nyuma ya mguu wake. Sikumwomba. "Ukikosa usingizi kwa hamu usije kwangu. Tafuna karoti."

Jumatano, 7 Mei

Karoti sita. Si sawa hata kidogo.

Alhamisi, 15 Mei

Hamu inakuja mvua ikianza kunyesha, ile harufu. Inakaa kama dakika nne, nimeipima, kisha inaondoka.

Jumatano, 21 Mei

Wiki kumi na sita na siku mbili. TSH 1.9.

Loice hakugeuza karatasi. Alinipa yote. Kisha akaniweka kifaa tumboni, akatafuta, akatafuta, nami nikashika ukingo wa kitanda, mpaka ukaja mlio kama wa mtu anayekimbia na ndala. Nilitazama saa ya ukutani nikahesabu mapigo kwa sekunde kumi na tano, nikazidisha kwa nne. 148. Kifaa chao kilisema 149. Naamini cha kwangu.

Ukutani kwake kuna karatasi mpya imebandikwa, swali moja kwa mwandiko wa polepole: Unatafuna nini?

Nikiwa nyumbani nimechora jedwali safi. 4.8, 7.9, 3.6, 1.9. Juu yake kuna safu ya mwaka jana. Nimeiacha wazi. Si sifuri, ni kwamba hapakupimwa.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua imepungua. Kidonge saa kumi na mbili.

Saa kumi na mbili na robo mama mkwe aliingia na thamosi yake na vikombe viwili, kama anavyofanya tangu zile chupa. Akaviweka mezani bila kumimina. Akaketi mkabala nami, mikono kwapani, chini ya ile saa. Anapenda chai yake ikiwa bado inaunguza ulimi, na kwa saa hiyo nzima inapoa ndani ya thamosi mbele ya macho yake.

"Kunywa wewe, Mama. Sharti ni langu."

"Nikinywa utatamani."

Tukakaa. Mashine ikageuza trei. Yeye ndiye aliyeuliza kwanza.

"Zimebaki ngapi?"

"Dakika ishirini na mbili."

Akaitikia kwa kichwa, midomo ameifunga.